Mahindi Ndani ya Jimu

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, na nawashukuru, ingawa sijui mtu aliyestaafu anahitaji saa ya nini. Pamoja na saa mlinipa daftari tupu, mkaniambia, "Mama Njoki, tuandikie ya kazi." Wiki ya kwanza niliweka kikombe cha chai juu yake. Alama mtaiona kwenye jalada. Wiki ya pili niliandika majina ya watu wanaonidai ziara. Leo nimekaa kuandika kweli, na mkiona mistari imepinda mjue nimezoea penseli ya fundi, ile pana, si hizi kalamu zenu.

Sitaandika ni lini nilifanywa msimamizi wa karakana wala nililipwaje. Hayo hayamfundishi mtu kushika randa. Nitaandika siku yangu ya kwanza, na kaunta moja iliyonitia aibu, kisha jimu ya kule Saboti, ukumbi wa mazoezi. Hiyo jimu ndiyo kazi iliyonipa furaha kuliko zote nilizowahi kufanya, na ndiyo niliyokaribia kuiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Kitale. Wazazi wangu walitoka mkoa wa kati wakaja Trans-Nzoia kutafuta shamba, wakalipata, wakapanda mahindi, na tangu hapo sijui kama kuna siku nyumbani kwetu ilipita bila neno mahindi kutajwa. Wakati wa mavuno tuliyaanika uani kwenye turubai. Kazi ya sisi watoto ilikuwa kuyageuza. Unavua viatu, unaingia katikati ya mahindi, unatembea ukiburuta nyayo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mahindi yanafunguka mistari mistari, ya chini yanakuja juu yapate jua. Ukifika mwisho unarudi. Unafanya hivyo mpaka mama aseme basi, na mama yangu hakuwa mtu wa kusema basi. Niliichukia kazi hiyo kwa moyo wangu wote. Mkiniuliza kwa nini niliingia useremala, nitawaambia napenda harufu ya mbao, na ni kweli, lakini pia mbao haigeuzwi kwa miguu.

Karakana wakati huo ilikuwa banda la mabati nyuma ya soko, na mwenyewe alikuwa Mzee Wekesa, mtu wa Myanga, mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana kama sahani. Nilifika asubuhi na sketi yangu ya kanisani kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi. Nilidhani atanipa ufagio. Alininyooshea kidole kwenye stuli zilizopangwa ukutani, kumi na mbili, akasema, "Kaa."

"Nikae wapi, Mzee?"

"Kwa stuli. Zote. Moja moja."

Nilikaa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mafundi walikuwa wakipiga msasa na kunitazama kwa jicho la pembeni. Nilipomaliza ya kumi na mbili akaniambia nianze tena, lakini safari hii nimwambie gani inaniuma, na inaniuma wapi. Nikamwambia ya tano inanikata nyuma ya paja. Ya tisa inanifanya niinue magoti. Ya kumi na moja sijui ina nini, lakini sitaki kukaa tena. Aliichukua ile ya kumi na moja, akaigeuza, akaniambia mguu mmoja ni mfupi kwa unene wa kadi.

"Pima mtu kwanza," akasema. "Mbao itangoja. Mbao haina halaka."

Jioni mama aliniuliza nimefanya kazi gani. Nikamwambia nimekaa. Akaniuliza kama kuna mshahara wa hiyo.

Msidhani nilielewa siku hiyo. Mwaka wa pili nilipewa kazi yangu ya kwanza peke yangu, kaunta ya duka la Mama Sera, kando ya barabara hatua chache kutoka kwetu. Nilipima ukuta, nikapima mlango, nikapima hata kreti za soda zitakazokaa chini. Nikatengeneza kaunta ya mbao za saipras, pembe zimekaa sawa, droo inateleza bila kelele. Niliipaka vanishi mara tatu. Tulipoiweka dukani, Mama Sera akapita nyuma yake na akapotea. Alikuwa mwanamke mfupi, na mimi nilikuwa nimemwona kila siku kwa miaka, na sikuwa nimemwona kabisa. Alisimama juu ya kreti kuuza mkate.

Mzee Wekesa hakunikemea. Alinituma kununua chumvi pale, kila Jumatatu. Nilikwenda Jumatatu saba. Kila mara Mama Sera anapanda kreti, ananipa chumvi, anashuka. Jumatatu ya nane nilikwenda na msumeno. Tulikuwa na chumvi ya kutosha karakana nzima mpaka Krismasi.

Kisha nilihamia Bungoma, nikakaa kwenye tawi letu la huko miaka tisa nikitengeneza vitanda, viti vya kanisa, meza za ofisi. Huko ndiko nilikojifunza kuchora ramani. Mzee Wekesa alipochoka alirudi kwao Myanga, na alipofariki nilikwenda kumzika pamoja na karakana yote. Aliniachia randa yake. Mpini wake umeliwa na kiganja chake, si changu, kwa hiyo niliuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ili nao unijue mimi. Nililia nikiuzungushia. Hiyo ndiyo randa iliyo kwenye rafu ya juu, na sasa mnajua kwa nini sikuruhusu mtu aitumie kufungulia mikebe ya rangi.

Baadaye watu wakaanza kujenga nyumba za wageni huku kwetu, na kazi ikabadilika. Mtu hataki tena kitanda tu. Anataka kitanda kinachofanana na msitu. Nimechonga vishikio vya milango vyenye umbo la jani. Nimetengeneza beseni kutoka kwenye kisiki. Mteja mmoja alitaka kiti kilicho kama mwamba, nikamtengenezea, na baada ya mwezi akaja kuomba mto wa kukalia.

Jimu ya Saboti ilinijia mwaka wangu wa mwisho kazini. Mwenyewe aliitwa Nekesa, mwanamke wa miaka hamsini hivi, aliyefanya kazi za hoteli Nairobi kwa muda mrefu kisha akarudi nyumbani kwao akajenga vyumba vya wageni pembeni mwa shamba la familia. Ukisimama uani unauona Mlima Elgon wote, kuanzia mashamba hadi kule juu panapokuwa na ukungu. Wageni wake ni wakimbiaji, waendesha baiskeli, na watu wanaopanda mlima. Alitaka mahali pa mazoezi pasipo na mashine hata moja. Mawe, magogo, kamba, upepo. "Mtu akiingia ajue bado yuko mlimani," aliniambia.

Tulikuwa tumesimama uani. Kisha akashusha sauti akanionyesha barazani kwa macho. Kwenye kiti cha mbao chenye mito miwili alikuwa ameketi mama yake, ambaye kila mtu pale alimwita Kukhu, yaani nyanya. Alikuwa anachambua maharage na kututazama.

"Alianguka mwaka jana, akavunja nyonga," Nekesa akasema. "Mfupa umeshika vizuri. Daktari wa Bungoma anasema shida sasa ni kukaa. Asipoanza kutembea kabla mwaka huu haujaisha, mguu utakakamaa na hatainuka tena. Fundi, wageni ni wageni, watakuja tu. Mimi hii jimu nataka mama atembee."

"Na yeye anasemaje?"

"Muulize."

Nikaenda kumsalimia. Fremu ya chuma ya kutembelea, ile wanayopewa hospitalini, ilikuwa ukutani imeanikiwa matambara ya jikoni. Nikamwambia nimekuja kujenga mahali pa mazoezi. Kukhu akatupa haragwe bovu uani.

"Mazoezi ni ya watu hawana shamba," akasema.

Nilicheka, nikasema moyoni huyu tutamweza. Hapo ndipo mtege masikio, kwa sababu nilidhani nafanya vile Mzee Wekesa alivyonifundisha. Nilimpima Kukhu. Nilipima urefu kutoka chini hadi kiganja chake, upana wa hatua yake akishikwa mkono kwenda msalani, hata kidole gumba. Nikachora njia kutoka barazani hadi jimu, hatua ishirini na tatu, yenye reli ya mti wa saipras kila upande, iliyolainishwa na ile randa mpaka ukipitisha shavu huhisi kitu. Njia yenyewe ilitandikwa mawe madogo ya mtoni ya kukanyagwa peku. Nilijivunia hiyo reli kuliko kitu chochote.

Na jimu nayo, jamani! Niacheni nijisifu kidogo, nimestaafu. Ukuta wa kupanda ulijengwa kwa mawe ya pale pale, wenye mashimo na mbavu kama pango. Magogo ya mti wa blugamu ya kuinua, madogo hadi makubwa, yamelala kwenye vitanda vyake. Kamba za katani zilining'inia kutoka kwenye boriti kama mizizi, na nyingine mbili nene zilikatiza ukumbi kwa urefu wa kiuno, za mtu kujishikilia akijifunza kusimama kwa mguu mmoja. Paa la mabati lilifunikwa nyasi ili mvua isipige kelele. Pembeni hakuna kuta, ni nguzo tu, upepo unaingia huku unatokea kule. Na katikati sakafu pana ya saruji nyekundu, iliyosuguliwa mpaka inang'aa.

Sakafu na mawe vilikuwa kazi ya Barasa. Wengi wenu mnamjua, mwashi wa Naitiri, mtu mmoja asiyeweza kufunga mdomo hata akiwa na msumari ndani yake. Kazi aliifanya vizuri sana, lakini kichwani haikumwingia.

"Fundi, nielezee tena," alikuwa ananiuliza kila siku tukila ugali wa mchana. "Ati mtu atoke Nairobi na gari yake. Afike hapa, ainue gogo. Halafu aliweke pale pale alilitoa. Halafu aoge."

"Ndiyo, Barasa."

"Na gogo haiendi mahali?"

"Haiendi."

"Si huyo mtu bibi yake amemfukuza, bana."

Sakafu ilipokauka, Kukhu aliinyooshea shingo kutoka barazani, akaitazama kwa muda, upande hadi upande, akatazama paa, akatazama upepo unavyotikisa kamba. "Hiyo sakafu ni mzuri," akasema. Nilifurahi siku nzima. Nilidhani amesifu jimu.

Reli ilipokamilika tukamwomba ajaribu. Nekesa alivaa viatu vya mazoezi yeye mwenyewe ili kumtia moyo. Akaruka ruka kidogo, akashika kamba, akainua mguu mmoja. "Ona, mama, unainua hivi, polepole."

Kukhu alimtazama binti yake akining'inia pale. "Mimi si tumbiri," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Tulijaribu tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Siku moja alikubali kusimama, akashika reli, na Nekesa akamwambia ainue mguu. Ule mguu mbaya haukuinuka. Nilimwona Kukhu akikaza taya, jasho likimtoka puani, na mguu uko pale pale kama umepigwa msumari. Akakaa. Hakusema tumbiri wala shamba. Nekesa aligeuka akautazama mlima kwa muda mrefu, na mimi nikajifanya natafuta tepu. Novemba ilikuwa imeingia. Nilihisi nimejenga tena kaunta ya Mama Sera, kubwa zaidi, na safari hii Mzee Wekesa hayupo wa kunituma chumvi.

Wiki moja kabla ya kufungua, mvua isiyo ya msimu ikaanza. Nyote mnakumbuka mvua hiyo. Hakuna mtu Trans-Nzoia aliyeisahau, mahindi yalikuwa yameshapukuchuliwa na kuanikwa kila uwanja. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda Kitale kuchukua vyuma vya kufungia kamba. Niliporudi alasiri, mvua imetulia, nilipita njia yangu ya mawe, nikafika jimu, nikabaki mdomo wazi.

Sakafu haikuonekana. Mahindi yalikuwa yamejaa kutoka nguzo hadi nguzo. Yalikuwa yamefika chini ya ukuta wa kupanda. Yalikuwa yameingia katikati ya magogo. Barasa na wenzake wawili walikuwa juu ya mahindi hayo na reki za chuma, wanayavuta, na kila wanapovuta nasikia meno ya reki yakisugua sakafu iliyosuguliwa kwa siku tisa.

"Nani ameingiza mahindi humu?"

Barasa akaonyesha baraza kwa kidevu.

"Ni mimi," Kukhu akasema kutoka kwenye kiti chake, bila haya hata kidogo. "Yangu na ya majirani wawiri. Unataka ioze? Nyumba iko na paa, iko na upepo, sakafu ni mzuri. Si nilikwambia ni mzuri?"

Nilikasirika, sitaficha. Nilipiga kelele kuhusu sakafu, kuhusu fukusi, kuhusu wageni wanaokuja Jumamosi. Nilizipokonya zile reki zote nikazitupa nje. Barasa akaniuliza kwa upole sasa mahindi yatageuzwa na nini, maana yameloa na yasipogeuzwa yatashika joto yaharibike. Na mimi mtoto wa Kitale nilijua anasema kweli. Nikavua viatu. Baada ya miaka yote ile ya kuyakimbia, nikaingia kwenye mahindi na nyayo zangu, nikaanza kutembea kwa hasira, nikinyanyua miguu juu na kuikanyagisha.

"Wewe msichana!" Kukhu akafoka. Nina miaka sitini. "Unakanyaga, hugeuzi! Buluta mguu!"

Nikaendelea.

"Ya chini imebaki chini! Nani alikufundisha?"

"Mama yangu!" nikasema.

"Basi hakumaliza!"

Hapo nikageuka. Jambo nililolisema sijivunii, na mama yangu angenitandika. Nilimwambia mwanamke wa miaka themanini na zaidi, mbele ya mafundi, kwa sauti ya juu, "Kama nakosea, njoo unionyeshe!"

Barasa akavua kofia, sijui kwa nini. Kukhu akaweka sufuria ya maharage chini. Akajisukuma kwa mikono yote miwili, akasimama. Akashika reli ya kushoto, kisha ya kulia, akaanza kuja, mguu mzuri mbele, mbaya ukiburutwa nyuma juu ya mawe ya mtoni, akinisuta njia nzima kwa Kibukusu. Hatua ishirini na tatu nilizipima mimi mwenyewe, lakini sikujua ni ndefu vile. Alipofika ukingoni mwa sakafu alisimama, akahema, akamwambia Barasa, "Vua hii kiatu." Barasa akapiga magoti akamvua.

Akashika zile kamba mbili za kiuno, akaingia.

Niseme sasa nilichokiona, kwa maana ndiyo sababu ya daftari lote hili. Kugeuza mahindi hakutaki mguu uinuliwe. Kunataka uburutwe. Ule mguu ambao kila mtu alikuwa akiulazimisha upande juu, daktari, binti yake na mimi na ramani zangu, ulikuwa umepata kazi ambayo unaijua tangu utotoni na ambayo unaweza. Nyayo za Kukhu ziliingia chini ya mahindi zikayasukuma, moja, halafu nyingine, na nyuma yake ikabaki mistari miwili iliyonyooka kuliko yoyote niliyowahi kuchora kwa rula. Nilikuwa nimempima mpaka kidole gumba, na sikumuuliza kitu gani kinaweza kumwinua kwenye kiti.

Nekesa alitokea jikoni na unga mikononi. Alipoona, alifungua mdomo, na Barasa, Barasa yule yule, akamwekea kidole midomoni kumnyamazisha. Tulisimama kama watu walio kanisani. Kukhu alifika mwisho wa kamba, akageuka kidogo kidogo, akatuona.

"Mnaangaria nini?" akasema. "Hii pande ingine itageuzwa na nani?"

Nekesa akacheka akilia, unga ukimganda mashavuni. Mimi nililia tu. Kisha sote tukavua viatu tukaingia, na alasiri ile, wakati mlima unajitoa mawinguni, watu sita walitembea huku na huko ndani ya jimu yangu wakiburuta miguu, wakikosolewa mmoja mmoja.

Kukhu alikuja siku zote zilizofuata, asubuhi na alasiri. Kwanza mizunguko miwili, halafu minne. Siku ya nne aliachilia kamba moja. Jumamosi wageni wa kwanza wakafika, wakimbiaji kutoka Nairobi, na mahindi bado yamejaa tele. Nekesa alianza kuwaomba radhi. Hakumaliza. Kukhu alikuwa ameshasimama katikati, anatazama viatu vyao vya rangi za kila aina.

"Vua," akawaambia. "Na musikanyage. Buluta."

Walicheka kama watoto. Msichana mmoja aliuliza hili zoezi linaitwaje, na Barasa, aliyekuwa anamalizia ukuta, akamjibu bila kupepesa macho, "Hiyo inaitwa kazi." Walikaa siku mbili na hakuna aliyepanda ukuta wangu. Nilimeza hilo pia.

Jua lilirudi. Siku ya tisa Kukhu aling'ata punje moja, ikalia, akasema tayari. Majirani wakaja, mahindi yakatiwa kwenye magunia, yakafungwa, yakaondoka. Barasa alifagia, akapiga deki, na sakafu ikang'aa vile nilivyoichora. Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho pale. Nilisimama kwenye nguzo na tepu yangu, na kwa kweli nilikuwa naogopa, na Nekesa kando yangu alikuwa anaogopa zaidi. Kilichomwinua mama yake kilikuwa kimeshafungwa kwenye magunia.

Kukhu alitokea barazani. Alikuja na reli moja tu, mkono mwingine uko nyuma kama mtu anayekagua mali yake. Akafika, akaitazama sakafu tupu.

"Mahindi iko wapi?"

"Yamekauka, Kukhu," nikasema. "Yamefungwa jana."

Akaifikiria habari hiyo. Akamtazama binti yake, akanitazama mimi.

"Basi mwagia maji," akasema, "tuanze tena."

Hatukumwaga maji, kwa sababu hakuna mtu wa Trans-Nzoia anayeweza kulowesha mahindi makavu kwa mkono wake bila kuumwa. Lakini siku hiyo hiyo nilitengeneza kitanda kirefu cha mbao chini kabisa, kama sinia la kumwagia mahindi, katikati ya zile kamba mbili, na Nekesa akarudisha magunia mawili. Yako hapo hadi leo. Nadhani ndiyo mahindi yaliyokaushwa zaidi katika kaunti hii, na hayatawahi kuona kinu.

Randa ya Mzee Wekesa nimewaachia. Itumieni, lakini anayeitaka akae kwanza kwenye stuli zote, na ile ya kumi na moja sikuirekebisha kwa makusudi.

Wiki iliyopita nilikwenda Saboti kusalimia, nikiwa mstaafu, na mkate na majani ya chai kwenye kikapu. Sikufika hata barazani. Kukhu alikuwa langoni, amesimama, bila reli, bila fimbo, ananingoja. Langoni pale ni mbali kuliko jimu mara tatu. Tulishikana mikono, hatukuachiana upesi. Akaniuliza kama ni kweli nimeacha kazi, nikamwambia ni kweli, nimepumzika sasa, sina kitu cha kufanya kuanzia asubuhi hadi jioni.

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka chini, akafika kwenye miguu.

"Vua viatu," akasema.

Nikavua.